Barafu ya kwenye chujio

Mwanaamina, leo nimeumbuka mbele ya mkwe wangu.

Unajua binti yangu Zuhra kule Pangani bahari inaingia hadi uani kwake, anataka kuja huku Kasulu na watoto. Jana nikamwambia kwenye simu, tulia huko, hayo ya barafu za mbali kuyeyuka na kujaza bahari ni maneno ya redio. Mimi nimeuza juisi miaka yote hii. Glasi ijae pomoni, barafu iyeyukie humo, haimwagiki hata tone!

Leo mkwe wangu Faudhia akasema, "Mama, tujaribu." Akajaza glasi, barafu ikayeyukia ndani. Haikumwagika. Nikamcheka.

Akajaza nyingine. Barafu akaiweka juu yake, kwenye chujio. "Hii ndiyo ya nchi kavu, Mama. Majini haijaingia bado."

Mwenzangu, ikadondoka, ikadondoka, meza nzima ikalowa. Meza nzima!

Nikufiche nini wewe. Nilikuwa natafuta sababu tu. Nimechoka, na vyumba ni viwili.

Nimempigia Zuhra, nimemwambia nilikosea. Hakunilaumu. Kauliza tu, "Kwa hiyo tuje, mama?"

Nimesema waje. Lile godoro lako la wageni, niazime.