Karatasi za Ukumbi wa Don Evelio

Medellín,
9 Novemba 2008

Mpendwa Shangazi Marleny,

Kabla sijakusalimu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Aliyemwambia yule mchekeshaji habari za sahani ya Baba si Doña Fabiola. Ni mimi.

Sasa nikuamkie vizuri, shikamoo Shangazi. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Valencia? Bibi kule kwake anauliza kama ile dawa ya kuchua ilifika. Sisi wazima wa mwili. Mvua haikatiki na nguo hazikauki.

Najua Mama alikuandikia kwamba aliaibishwa, ila hakukueleza yote. Mwezi wa Juni nilimbembeleza twende kumwona Ferney Tuberquia, yule anayechekesha watu kila Jumamosi alasiri katika ukumbi wa Don Evelio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu tumzike Baba. Alipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akapaka tena. Viti vya mbele nilivichagua mimi, ili aone vizuri.

Mlangoni mhudumu hugawa vikaratasi. Unaandika neno moja kuhusu mtu uliyekuja naye, na Ferney huchagua kadhaa na kuyasema jukwaani. Mimi nikaandika ukweli: "Mama yangu bado humwekea Baba sahani kila jioni." Nilidhani atasema neno zuri. Wewe unanijua, kuongea siwezi, lakini nikipewa kalamu naandika kila kitu.

Ferney alikisoma, akamtazama Mama, akatabasamu. "Mama mjane, na yale maharage ya marehemu nani anayamaliza? Maana naona marehemu anazidi kukonda na jirani anazidi kunenepa."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Mama naye alicheka, ili asionekane ameumia. Nyumbani alitoa sahani mbili kabatini badala ya tatu, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Laiti Ferney angeishia hapo. Utani ule ulimfaa, akaurudia kila Jumamosi. Muuza duka akaanza, "Doña Nubia, nikupimie maharage ya watu wawili, au na ya jirani?" Mama akaanza kusali parokia ya mbali. Na kwa kuwa jirani yetu Doña Fabiola peke yake ndiye aliyezoea kuingia kwetu wakati wa chakula, Mama akaamini ndiye msemaji. Marafiki wa miaka ishirini, Shangazi, sasa wakikutana ngazini kila mmoja anatazama ukuta. Mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza, ila nilikuwa na hasira ambayo sikujua inaweza kukaa ndani ya mtu kama mimi. Nilikuwa nafanya hesabu za shule huku namtakia Ferney mabaya. Kisha nikachukua daftari, nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa Jumamosi sita mfululizo.

Kila Jumamosi anaanza hivi: "Leo asubuhi nimeamka na wazo, sijamwambia mtu." Halafu anasema yaleyale. Anakohoa palepale na kunywa maji palepale. Mpaka Jumamosi ya sita nilikuwa nimeandika kila neno.

Nikayapanga kama karatasi ya misa. Upande mmoja MCHEKESHAJI, upande wa pili WATU, na kila penye kichekesho nikawapa watu jibu. Nikatoa nakala tisini kwenye duka la fotokopi karibu na shule. Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba nikafika mapema, nikaweka moja kwenye kila kiti.

"Zimetoka kwa Ferney?" mhudumu akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema, nikaendelea kuziweka.

Ferney akatoka, akashika kipaza sauti. "Leo asubuhi nimeamka na wazo..."

"Sijamwambia mtu," akaitika bibi mmoja wa safu ya pili, kwa sauti ileile ya kanisani.

Watu wakacheka, yeye pia. Akaendelea, "Nikamuuliza mke wangu, suruali yangu iko wapi?" Ukumbi mzima ukajibu kwa pamoja, "Ameivaa mama mkwe." Hapo hakucheka. Akachukua glasi.

"Anakunywa maji," wakasoma wote.

Akairudisha mezani bila kunywa. "Ngojeni kidogo. Nani kaandika upuuzi huu?"

"Si wewe mwenyewe?" akasema mzee mmoja. "Kila Jumamosi unaamka nao."

Nilijua atakimbilia wapi. Akakimbilia kwa mjane na maharage yake. Pale nilikuwa nimeandika: WATU: kimya.

Jamaa mmoja akaanza kucheka, mkewe akamgusa kiwiko. "Soma, bwana. Imeandikwa kimya."

Shangazi, sijawahi kusikia kimya kitamu namna ile. Nilihesabu mpaka kumi na moja. Ferney alitazama safu moja baada ya nyingine kama mtu anayetafuta mlango, akaweka kipaza sauti chini, akatoka kwa kupitia jikoni. Don Evelio akafungulia muziki. Sikumwonea huruma, na leo pia simwonei. Hajarudi tena, na wanasema sasa anachekesha mji mwingine. Natamani ningejua ni upi, nipeleke karatasi huko pia.

Lakini Mama hajui lolote. Bado anazunguka mtaa mzima ili asipite dukani, na bado anautazama ukuta Doña Fabiola akipita. Tarehe kumi na sita Desemba inaanza novena ya Krismasi, zile sala za siku tisa ambazo wao wawili hawajawahi kusali mbalimbali. Ferney nimemaliza naye. Hili la ngazini si lake, ni langu.

Nisalimie Mjomba Vicente, na Nuria na mdogo wake Pau. Bibi anawabusu wote. Mungu akulinde kazini na njiani, na mimi naomba baraka zako, safari hii nazihitaji kweli.

Unajua kwamba barua zote ninazokuandikia Mama huzisoma kwanza, kisha huandika salamu zake chini. Nilifikiria kuipeleka hii posta kwa siri. Badala yake nimemwachia nusu ukurasa, nimeiweka mezani na kalamu juu yake, nimemwita jikoni nikamwambia barua ya Shangazi iko tayari. Nimebaki na karatasi hii moja ya mwisho mkononi, naimalizia nikiwa nimesimama. Anakausha mikono. Amevuta kiti, ameanza kusoma.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye sana,
Maryori