Shujaa Aliyefunga Farasi Langoni

Mtaa wa Pei Ho,
Sham Shui Po,
Hong Kong.
12 Novemba 1979

Mpendwa kaka Man-hoi,

Pokea salamu zangu nyingi. Baridi ya Toronto inakutendeaje, na kile kifua chako? Sisi wa huku miili ni mizima; mioyo ndiyo migonjwa.

Kaka, kaa kitako kwanza. Baba yako, baba mdogo wangu, hatunaye tena. Mapafu yalimshinda, akatutoka Jumanne asubuhi. Anwani yako nimeipata jana tu kwa rafiki yako Yiu-cheung, ndiyo maana tumemzika bila wewe.

Unawakumbuka mashujaa wa upanga aliowaandika gazetini. Hadithi zote ziliishia mahali pamoja: adui chini, shujaa anapanda farasi, anashika njia ya milimani bila kugeuka nyuma. Sote tuliona huo ndio uungwana. Ulipoondoka baada ya ule ugomvi wenu, aliendelea kuandika hivyo kwa muda, kisha kalamu ikagoma.

Katika hadithi yake ya mwisho, shujaa amekwisha kumuua adui. Anafika langoni, anamwona mama mzee wa marehemu, hana wa kumpikia uji. Akafunga farasi. Akabaki kumchotea maji, yule mama akimtukana kila siku. Mhariri akasema wasomaji wanataka damu, si uji. Baba mdogo akakataa kubadilisha neno. Basi akapewa mtu mwingine aimalizie, na shujaa akapandishwa farasi tena.

Nilimsomea sura hiyo kitandani, nikidhani atakasirika. Akaniambia taratibu, "Kit-ying, hata farasi anajua kuondoka. Nilimfundisha Man-hoi hivyo kwa mkono wangu, halafu nikamchukia alipolielewa somo."

Nikamuuliza, shujaa ni nani basi?

"Ni yule anayeweza kwenda, akabaki. Na aliyekwenda, akarudi, naye yumo. Usimlaumu mwanangu."

Hakusema tena la maana baada ya hapo.

Mazishini, picha yake ilipaswa kubebwa na mwana. Niliibeba mimi. Wazee walinung'unika, nikawaacha.

Mama yako hajalia bado. Ananiuliza tu Toronto ni mbali kiasi gani. Nikishamjibu, anakaa kidogo, ananiuliza tena.

Shangazi Mei-kam anakusalimu. Nisalimie wifi Suet-ling, na umbusu mtoto ambaye babu yake hakumwona. Mababu wakulinde, wakufungulie njia.

Ni mimi dada yako, ambaye upendo wake kwako haujapungua,

Kit-ying