Ukurasa Ulioamkia Watu Mpaka Wakafuta Zamu Zao

Mama Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie na jina langu usilisome redioni, mimi ni msichana wa kidato cha tatu huku Kitura, Mbinga, kuongea mbele ya watu siwezi, hata mwalimu akiniuliza swali namjibu nikiangalia dawati, ila kuandika naweza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kwenye klabu ya kompyuta nimejifunza kidogo JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa wa mtandao amri, nayo ndiyo iliyoniletea haya.

Kikundi chetu cha wakulima wa kahawa kina mtambo mmoja tu wa kumenyea, na kahawa mbivu ikishachumwa lazima ipite mtamboni siku hiyohiyo, ikilala kwenye gunia inachacha, kwa hiyo watu walikuwa wanagombania zamu, nikatengeneza ukurasa wa mtandao, mtu anafungua kwa simu, anaandika jina, anachagua siku, basi. Mwenyekiti ni babu yangu, Mzee Mansuetus. Nilipomwonyesha akasema, "Unamuuliza mtu mzima jina kabla hujamwamkia? Ukurasa huu umelelewa na nani?"

Nikaweka shikamoo. Ni mstari mmoja, unaandika alert, mabano, maneno yako, na kisanduku kinatokea katikati ya simu, hakiondoki mpaka mtu abonyeze OK. Babu akafurahi, akasema ongeza habari za nyumbani, nikaongeza, akasema na za shambani je, nikaongeza. Ukurasa haujui umri wa mtu kwa hiyo unamwamkia kila mmoja, watoto wa darasa la tano wanaufungua makusudi ili waamkiwe.

Tatizo ni kisanduku kinachofuata salamu. Mtu mwenye zamu akirudi kuangalia ni lini, anaulizwa, "Tayari una zamu. Niifute uchague nyingine?" Na kwa kuwa ameshazoea kubonyeza OK kuitikia salamu, hasomi, anabonyeza tena. Watu wanafuta zamu zao kwa adabu.

Sasa imempata Shangazi Bonifasia. Alikuwa na zamu ya Alhamisi ijayo, kahawa yake imeiva yote mtini, majirani wameshakubali kuja kumsaidia kuchuma. Akamwambia Babu, "Baba, mimi niliitikia salamu tu, zamu nimeifutaje?" Babu akasema kanuni ni moja, aliyefuta anarudi mwisho wa foleni, hata awe binti yangu wa kumzaa, na mwisho wa foleni ni mwezi ujao, kahawa yake itakuwa imekaukia mtini. Ile Alhamisi bado iko wazi, hakuna aliyethubutu kuichukua. Jirani yetu Joakim anacheka njiani, "Ukurasa wa Mansuetus huo, ukiuitikia marahaba unakunyang'anya mtambo!" Shangazi hacheki. Jumapili kanisani alikaa benchi la mbali na Babu.

Mimi najua kilichotokea. Lakini Mama Mshauri, mjukuu anamwambiaje babu yake kwamba shikamoo zimezidi?

Mjukuu mwenye aibu, Kitura

*

Mjukuu, marahaba. Pole. Sasa nikugombeze.

Babu yako hajakosea, mtu huamkiwa kwanza. Wewe ndiye uliyeichukua salamu ukaiweka mlangoni kama kizuizi cha polisi. Salamu haimzuii mtu kupita. Iandike juu ya ukurasa kwa herufi kubwa, na za nyumbani, na za shambani, zote zikae hapo, mtu azisome huku akiendelea na shida iliyomleta. Wala usizirudie kila anapofungua. Wewe ukishamwamkia babu asubuhi, mkikutana tena shambani unaanza upya? Pankras, anayetunza tovuti ya redio yetu, anasema JavaScript inaweza kuacha kumbukumbu kwenye simu ya mtu, inaitwa localStorage. Weka humo tarehe aliyoamkiwa, na akirudi siku hiyohiyo mpeleke moja kwa moja kwenye zamu yake.

Tena aliyekuja kuangalia zamu unamuulizaje kama anataka kuipoteza? Mwonyeshe zamu yake, basi. Kitufe cha kufuta kikae chini kabisa, peke yake, chekundu, kimeandikwa "Futa zamu yangu". Vile visanduku vya kivinjari vitufe vyake hubadilishi maneno, kwa hiyo cha kumuuliza mara ya mwisho kabla hajafuta tengeneza chako, kwa kile kinachoitwa dialog, vitufe uviandike mwenyewe. Na mtu akifuta, mwachie kitufe cha "Rudisha" mpaka jioni. Watu wana vidole vinene na haraka nyingi.

Sasa babu. Kabla hujarekebisha chochote, mwandikishe zamu ya majaribio, kisha mkiwa wawili tu nyumbani, si mbele ya kikundi, mpe simu umwombe aangalie zamu yake ni lini. Kaa kimya, hilo unaliweza. Ataitikia salamu zake mwenyewe moja baada ya nyingine, na zamu itampotea mkononi. Akiuliza imekwenda wapi, mjibu, "Babu, na Shangazi ilimpata hivihivi." Usiongeze neno.

Halafu mwache aende mwenyewe kwa binti yake kumrudishia Alhamisi, maana hiyo si kazi ya JavaScript. Fanya leo. Kahawa iliyoiva haimngoji mwenye aibu.