Usitie Mguu Kwenye Maji ya Moto

Nyumba ileile, chumba cha mbele, kitandani.
Jumatatu, jioni.

Mpendwa mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu zangu, tena nyingi. Hujambo? Umelala salama huko uliko? Shemeji yangu kinyozi anaendeleaje, au bado anawanyoa watu mpaka masikio? Wapwa wangu nao wazima? Huku wifi yako ananung'unika kutwa, kwa hiyo jua yuko mzima wa afya. Mimi nipo, ila si kama unavyonijua. Nitakueleza, usiwe na haraka.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu unaongea wewe, mimi nabaki na "ehee" mpaka salio linakata. Hatukukuita Kinanda bure. Karatasi haikatizwi. Nampa dereva wa lori la mbao, keshokutwa asubuhi utakuwa nayo mkononi. Mwandiko wangu unaujua. Shule mimi niliiingia nilipoitwa kuziba bomba la choo chao, basi. Soma polepole.

Juzi ulinimwagia maswali, ukasema nikuulizie kwa madaktari kwa kuwa siku hizi nashinda huko. Nimeuliza. Nitakujibu kifundi bomba, maana maneno yao hata wao wakiyarudia wanajikwaa.

Umesema vidonge vya presha umeviacha kwa sababu unajisikia vizuri. Sasa wewe mwanamke, unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Nikikufungia koki ya kupunguza nguvu ya maji, mabomba yakatulia, utaing'oa koki useme haina kazi? Bomba halipigi kelele kabla ya kupasuka. Linapasuka tu, unakuta nyumba inaogelea. Rudi kwa waliokuandikia, uwaambie ukweli kwamba uliacha, wakupangie upya. Watakugombeza kidogo, uvumilie.

Umeuliza kama ugonjwa wa sukari unatokana na kulamba sukari, maana wewe chai unakunywa bila sukari, kwa hiyo unajiona umepona kabla ya kuugua. Hapana. Sukari ni chakula chochote kikishayeyuka tumboni. Inaingia kwenye damu, halafu inatakiwa kufunguliwa mlango iingie mwilini ikafanye kazi. Mwenye ugonjwa mlango wake umekwama. Sukari inarundikana kwenye damu, damu inakuwa kama maji yenye chokaa nyingi, na unajua chokaa inavyofanya mabomba. Mambo mengine yanatoka kwenye ukoo. Na ukoo wetu mimi na wewe ni mmoja.

Ndiyo maana swali lako la mwisho limeninyima usingizi. Umesema kiu haikuishi, usiku unaamka kwenda msalani mpaka shemeji analalamika, na miguu ina ganzi kama unatembea juu ya pamba. Halafu ukacheka, ukasema dawa umeshaipata, kila jioni unailoweka kwenye beseni la maji ya moto.

Kinanda, sikiliza. Acha beseni leo. Sasa nikwambie kwa nini, na usimsomee mtu kwa sauti kubwa, ni aibu yangu.

Unajua mimi ni fundi wa namna gani. Mji huu mzima hakuna hita ya maji isiyojua jina langu. Hata pale hotelini, bomba la mvuke lilipofyatuka, wapishi walitoka mbio na mwiko mkononi, mimi nililishika kwa mkono mtupu huku namalizia kusimulia hadithi. Usibishe, hukuwepo. Na unajua desturi yangu: nikimaliza kufunga hita, navua kiatu, natia mguu kwenye beseni la bafuni, mguu unaonja. Nikisema "yamekubali", ndiyo mteja anashukuru. Mafundi wengine wana vipimo, mimi nina mguu wa kulia.

Basi nilienda kwa mwalimu mmoja mstaafu, mama wa watu, kumfungia hita mpya. Nikatia mguu. Maji naona baridi. Nikapandisha moto. Bado baridi. Nikapandisha tena, nikaanza kumpigia soga za hotelini. Mvuke umejaa bafu zima, kioo hakionekani, mimi nasimulia.

"Fundi, toa mguu," akasema.

"Bado mama, haya ni ya kunawishia mtoto."

"Fundi, ngozi inabanduka. Toa mguu."

Nikatazama. Ngozi ilikuwa imeachia kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji yaliyochemka. Na mimi, mdogo wangu, sikusikia chochote. Kama nimeutia mguu wa mtu mwingine.

Mtu mwenye akili angeogopa. Mimi nilijisifu. Niliuzungusha ule mguu mtaa mzima nikisema mnamwona mwanamume asiyeungua. Mzee wa Saa, yule jirani yetu anayetengeneza saa, aliniambia, "Bomba, kitu kisichouma kikiungua si cha kusifia, nenda ukaonekane." Nikamwambia atengeneze saa zake. Nikafunga kitambaa, nikavaa buti, nikaendelea na kazi.

Baada ya wiki kadhaa wifi yako akaanza kusema kuna panya amekufa chumbani. Akavuta kitanda. Akavuta kabati, mimi nikimsaidia kwa upande wangu na kumlaani panya. Akapiga deki kwa dawa. Harufu iko palepale. Jioni nikavua buti ili nilale, akautazama mguu, akaketi chini sakafuni. Hakusema kitu. Wewe unamjua wifi yako, asiposema kitu ni msiba. Panya alikuwa mimi.

Hospitali wakanipima damu. Daktari, binti wa umri wa mwanao wa kwanza, akaniuliza maswali yaleyale uliyonisimulia wewe. Kiu? Nikasema ndiyo, ni kazi ya jua. Kukojoa usiku? Ndiyo, ni uzee. Ganzi? Nikasema hiyo si ganzi, ni ushupavu. Hakucheka. Akasema, "Mzee, sukari unayo miaka. Imeua mishipa ya fahamu miguuni. Mguu umekuwa ukiungua, hauna namna ya kukwambia."

Ndilo jibu lako hilo. Ganzi si ubaridi, wala uchovu, wala haiondoki kwa moto. Ni waya umekatika kati ya mguu na kichwa. Ukiutia kwenye maji ya moto, maji yanakuchoma na wewe unaona raha.

Wameosha kidonda, wamenipa dawa, wamenichoma sindano. Damu haifiki chini vizuri, na uozo umeingia kwenye mfupa. Wanataka kuukata mguu chini ya goti. Nikauliza, nikikataa? Daktari akasema sumu itapanda kwenye damu na itanimaliza. Alisema polepole, kama mtu anayemsomea mwenzake bei ya kitu asichoweza kununua.

Siku hizi zote nilikuficha haya. Wifi yako analia jikoni akidhani sisikii. Wateja wakipita nawaambia nimepumzika. Kiatu cha kulia nimekiweka chini ya kitanda, nimegeuza kisogo chake kwangu. Naogopa, mdogo wangu. Miguu hii imesimama kwenye maji ya watu wote, na leo huu wa kulia hata nikiuamrisha usogee, naona aibu kuuangalia.

Jana nikasema ndiyo. Wataukata Alhamisi asubuhi.

Sasa wewe. Daktari nilimweleza habari zako. Anasema usisubiri: nenda kliniki wakutoboe kidole, wakupime sukari, wakague na nyayo. Haiumi kuliko sindano ya kushonea. Kuanzia leo, kila jioni kagua miguu yako, na chini ya unyayo mwambie shemeji aangalie, ametazama vichogo vya watu maisha yake yote, hatashindwa. Usitembee peku hata chumbani. Kabla ya kuvaa kiatu, tia mkono ndani, usije ukatembea na kijiwe kutwa nzima. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Ukiona kidonda, hata kama cha punje, usikifunge kitambaa ukajisifu. Kimbia.

Na usiniambie utaenda ukipata nafasi. Mimi ndiye niliyekulea, najua utakalofanya. Unakumbuka mama alivyokuwa akitupa ile dawa chungu ya homa? Anatusimamisha mlangoni, kila mmoja na kijiko chake, tunahesabu pamoja, tunameza pamoja, ili asiwepo wa kulia peke yake. Mimi nilikuwa nameza. Wewe ulikuwa unaificha shavuni, unazunguka nyuma ya pipa la maji unaitema. Pale nyuma ya pipa hapakuota jani mpaka tunahama. Mama hakujua. Mimi nilijua, nikakaa kimya, kwa kuwa ulikuwa mdogo na ulikuwa wangu.

Nisalimie shemeji, umwambie nikitoka nitamdai aninyoe ndevu bure, maana mteja wa mguu mmoja hawezi kumkimbia. Nisalimie wapwa wote, mkubwa na wale mapacha, na yule jirani yako mshonaji aliyenicheka nilipoanguka na ngazi, mwambie sasa ana sababu mpya. Wifi yako anakusalimu, ametoka jikoni sasa hivi, macho mekundu, anasema ni vitunguu. Mungu akulinde unakokanyaga, hata pale usipoweza kupahisi.

Alhamisi asubuhi, wakiwa wananisukuma kwenda ndani, nataka nijue na wewe umeketi kwenye benchi la kliniki, kidole umekitoa. Mimi huku, wewe huko, kama pale mlangoni kwa mama. Nitahesabu kwa sauti, wauguzi waseme wanavyotaka. Moja, mbili, tatu.

Na safari hii, Kinanda, umeze.

Wako akupendaye kwa miguu yote miwili mpaka Jumatano,
kaka yako,
Bomba