Risasi ya Muema na Mguu wa Ngina

Dukani, Ruiru
Jumanne, 18 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Mbaluka,

Habari za huko Edmonton? Natumai barua hii itawakuta salama, wewe na Mbinya na watoto, na kwamba baridi imeanza kuwahurumia. Sisi huku tunaendelea. Mwaitu ni mzima, anaenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe, na kila Jumapili anauliza kama mwanawe wa Kanada anapata ugali wa maana. Nyumbani Gatuanyaga mvua hakuna, vumbi ni lile lile. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike.

Najua unashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu ipo. Nimeondolewa kwenye grupu la familia. Aliyenitoa hajulikani, kila mtu anamsingizia mwenzake. Lakini kabla sijatolewa nilisikia ujumbe wako wa sauti, ule wa dakika nne, ukisema nimempeleka ndugu yangu kwa polisi kwa sababu ya "ajali ndogo". Niliusikiliza mara mbili hapa dukani, wateja wakinisubiri na magunia yao ya chakula cha kuku. Beth wa kanisani kwetu anasafiri kuja huko Alhamisi, nimempa karatasi hizi azibebe. Angalau utanisoma mpaka mwisho bila mtu kunikatiza.

Mbaluka, nina hasira. Nimengoja wiki tatu ipungue na haijapungua.

Unajua nina bastola tangu mwaka ule wezi walipovamia duka. Nilipata leseni, nikajiunga na klabu ya shabaha kule nje ya Thika, na siku hizi mimi ndiye msimamizi wa usalama uwanjani. Mimi huvaa yangu kiunoni upande wa kulia, ndani ya holsta ngumu, mkanda mnene, blauzi pana juu yake. Wenzangu wana mapenzi yao. Kuna wa mbele ya tumbo, kuna wa kwapani, na kuna mzee mmoja anayefunga yake kwenye kifundo cha mguu na kuchechemea siku nzima. Kina mama wengi hutaka kuitia kwenye mkoba, na hilo mimi sitaki hata kulisikia, maana mkoba huachwa kitini. Tunabishana kama risasi ikae ndani ya chemba, tayari kufyatuka, au chemba iwe tupu, tunabishana hadi chai inapoa. Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna anayelibishia: triga, kile kifyatulio cha kidole, ifunikwe kabisa.

Hakuna, isipokuwa Muema.

Muema, mtoto wa mjomba Ndambuki, yule mliyelala naye kitanda kimoja utotoni, huvaa bastola kama mtu anavyochomeka simu. Anaisukumiza kwenye suruali, mbele, bila holsta, risasi ikiwa ndani ya chemba. Ukimuuliza anacheka. "Holsta ni za waoga, Syombua. Siku mwizi akija utakuwa bado unafungua vifungo." Mara mbili nilimfukuza uwanjani. Mara mbili alirudi na tabasamu na soda za kila mtu, na wanakamati wakaniambia nisiwe mkali hivyo kwa ndugu yangu.

Na sasa nikwambie lililo zito kwangu. Alipoomba kujiunga na klabu, mdhamini wake nilikuwa mimi. Sahihi ni yangu. Nilimjua jinsi alivyo, nikatia sahihi kwa sababu ni Muema.

Jumamosi ile ya Januari tulikuwa kwa Mwaitu kukiombea kisima ulichotuchimbia. Mchungaji alikuja, majirani walikuja, maji yalitoka safi na Mwaitu akalia. Muema alipoinama kumsalimu Mwaitu, jaketi lilipanda na nikaona kitako cha bastola kikichungulia kwenye suruali. Holsta hakuna. Nilitaka kumwita kando. Halafu nikasema moyoni, mchungaji yupo, nisimwaibishe mtu mbele ya wageni. Nikaenda kukata kachumbari. Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nayo, na nikaitumia kukata vitunguu.

Baada ya chakula alikuwa amesimama kando ya kisima na vijana watatu wa jirani. Alikuwa anawaonyesha jinsi anavyoweza kuitoa haraka. Nilimsikia akisema, "Ona, hata hujaona!" Wakacheka. Nikaweka sinia chini nikaanza kwenda kwake. Akairudisha kwenye suruali kwa nguvu, na kamba ya jaketi lake, ile ya kukazia kiunoni, ikaingia pamoja nayo na kuvuta triga.

Mlio ule, Mbaluka. Uwanjani tunavaa vya kuziba masikio. Pale nyumbani ulikuwa kama mlango wa chuma umebamizwa ndani ya kichwa. Risasi ilipasua suruali ya Muema bila kumgusa hata ngozi, ikagonga saruji ya kisima, ikageuka. Ngina, mjane wa ndugu yetu Mutinda, alikuwa anapita na sahani alizokusanya. Aliketi chini polepole, sahani bado mikononi, hakuna hata moja iliyovunjika. Akasema, "Nimechomwa na nini?" Damu ilikuwa inajaa kwenye kiatu chake cha kulia.

Nilimfunga mguu kwa leso yangu. Na hapo, huku bado nimepiga magoti, nikamsikia mjomba Ndambuki juu ya kichwa changu akiwaambia watu: "Ni nondo. Amekanyaga nondo ya fundi. Mmesikia? Nondo."

Hajauliza kama mtu anakufa. Anatafuta jina la kuipa damu.

Walimtia kwenye gari la Muema kabla sijapata funguo zangu. Nilidhani wanaenda Thika. Kumbe walimpeleka kwenye kliniki ndogo ya njiani, ambako hakuna mtu angeuliza maswali. Nilimkuta pale saa nzima baadaye, mguu umeoshwa na kufungwa bandeji, kipande cha risasi bado kiko ndani, akitetemeka. Nikambeba kwa gari langu hadi hospitali ya Thika. Daktari, msichana mdogo tu, alifungua bandeji akatazama.

"Hii imetokana na nini?"

Mjomba alikuwa ametufuata. Akajibu, "Nondo."

Daktari hakumtazama. Alimtazama Ngina. Ngina akanitazama mimi. Mama mjane, anaishi kwenye nyumba iliyoko Kamenu ambamo mjomba anaweza kumtoa akitaka. Ungetaka aseme yeye?

Nikasema, "Ni risasi. Nilikuwepo. Bastola ni ya Muema Ndambuki, na ana leseni."

Jioni hiyo hiyo niliandikisha taarifa polisi. Muema alikamatwa, bastola na leseni vikachukuliwa, akaachiliwa kwa dhamana. Kesi itatajwa mwezi ujao. Hiyo ndiyo "kuuza ndugu" uliyoisikia.

Klabu nayo nimeiandikia kuondoa sahihi yangu. Unajua walinijibu nini? Kwamba nitumie lugha ya upole, nisiharibu jina la wamiliki halali wa silaha. Nimekasirika mpaka nikacheka. Sisi ndio tunaokazana kuambia watu kwamba mwenye leseni ni mtu makini! Jina letu limeharibiwa na kamba ya jaketi, halafu mkosaji ni barua yangu.

Jumamosi iliyofuata mjomba aliitisha kikao kwake. Niliambiwa nirudi polisi niseme sikuona vizuri. Shangazi wote waliitikia. Hata Mwaitu alikaa kimya akitazama mikono yake, na hilo liliniuma kuliko kelele zote. Ngina hakuwa ameitwa. Wanazungumzia mguu wa mtu, na mwenye mguu hakuitwa.

Alikuja hata hivyo, kwa bodaboda, magongo mawili yamefungwa nyuma. Alikataa kiti.

"Nimesikia mnataka tusameheane," alisema. "Ni sawa. Lakini huyu kijana hajaja kwangu hata siku moja. Mnamsamehe kwa niaba ya nani? Mguu ni wangu. Si wa ukoo."

Mjomba akaanza, "Ngina mwanangu, Mutinda angekuwa hai..."

"Mutinda angekuwa hai mngeniita kwenye kikao."

Mwaitu ndiye aliyeinuka kwanza, akaenda kusimama karibu na Ngina, akamshika mkono. Kikao kikaisha bila maombi. Siku hiyo hiyo nikatolewa kwenye grupu.

Juzi Muema alikuja hapa dukani. Nilidhani amekuja kunitukana. Alisimama kati ya magunia, amekonda. "Ilikuwa kamba tu, Syombua. Kamba ya jaketi."

Nikamwambia, "Kamba haikuwa na leseni. Wewe ndiye uliyekuwa nayo."

Akaketi juu ya gunia la pumba, akafunika uso. Akauliza kwa sauti ndogo kama Ngina anaweza kukanyaga. Nikamwambia Kamenu si mbali, aende amuulize mwenyewe. Mpaka leo ninapoandika hajaenda. Nilimhurumia, sitakuficha, na hasira yangu haikuondoka kwa sababu ya huruma hiyo.

Daktari anasema kifundo hakitapinda tena kama zamani. Ngina anaishi kwa cherehani ya miguu, Mbaluka, anashona sare za shule. Sasa anajifunza kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Nilimkuta jana, mshono ulikuwa umepinda kwenye sketi moja ya bluu, akaufumua wote, akaanza upya.

Usinipigie mimi. Hata usinijibu kama hutaki. Umetuma ujumbe wa dakika nne kwa watu arobaini na hukumuuliza yeye hata neno moja. Namba yake ni ile ile ya Mutinda, hajaibadilisha. Mpigie, muulize mguu unaendeleaje, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Nisalimie Mbinya sana, na watoto wote, mwambie yule mdogo picha yake ya theluji imebandikwa kwa friji ya Mwaitu. Shangazi Tabby anakusalimu, na fundi wa kisima pia, anasema maji hayajapungua. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape kazi na usingizi.

Ni mimi dada yako, nimekukasirikia na nakupenda,

Syombua