Mkono Uliowekwa Kando

Idete, 14 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Sylvanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba, maana najua shikamoo ushanipa huko uliko. Mimi sijambo, ukiacha huu mkono wa kulia, ambao tangu kiharusi umekaa tu kama mgeni asiyesaidia hata kumenya kitunguu. Unakula vizuri?

Usicheke mwandiko, ni wa kushoto. Simu siitaki, kwenye simu unaongea mbio kama unafukuzwa.

Ile mashine yenu ya kupiga picha za ubongo, weee! Inagonga kama mafundi bati walevi. Nililala humo, taa ikiwaka nifinye kimpira, nikajitahidi mpaka kidole kimoja kikatikisika. Ukaniambia mmeona mahali ubongo unapoamka. Nilifurahi hata padri nimemsimulia.

Sasa jirani yangu Luciana anataka kunikanda kwa mafuta ya nyonyo kila asubuhi, kisha nikae naye kufinyanga vidonge vya udongo vya kombeo kwa mkono huuhuu mgonjwa. Mpunga ukichanua lazima niwe dunguni shambani kuamia ndege wasiumalize, na mimi kombeo sijui kulirusha kwa kushoto. Wewe ndiye msomi wa mambo haya. Nimkubalie?

Dada yako,
Digna


Dar es Salaam, 2 Februari 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo sana. Mimi mzima, nakula, ila wali wa huku hauna harufu ya kwetu.

Luciana mshukuru, lakini mwambie asubiri. Mkono usikandwe wala usilazimishwe. Ubongo una jeraha, na jeraha linataka utulivu. Mwezi wa tano gari la mradi wetu wa utafiti litakufuata kwa picha ya pili, ndipo tutaona umejirekebisha kiasi gani. Ukichanganya mambo hatutajua kilichokusaidia.

Niamini, dada. Nani atakutakia mema kuliko mimi uliyenibeba mgongoni?

Mdogo wako,
Sylvanus


Idete, 26 Mei 2024

Sylvanus,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Mimi sijambo ya mdomoni tu.

Nilikusikiliza. Luciana nilimwambia asiniguse, akanuna, hata chumvi tukaacha kuombana. Mkono nikautunza kama yai. Mpunga ulipochanua nilikaa dunguni nikipiga debe kwa kushoto, kwelea wakanizoea, wakawa wanakula huku wananitazama. Sikulalamika. Nilijua naponya ubongo.

Juzi kwenye gari la mradi nilikaa na mama mmoja wa Chita, anaitwa Edna. Tuliugua msimu mmoja, mkono uleule. Akafungua bakuli lake, akala wali kwa mkono wa kulia! Ulimwagika, lakini ulifika mdomoni. Nikamuuliza amepona vipi. Akanishangaa. "Kwani wewe hawakukuletea mwalimu wa mazoezi? Mimi hunivika glavu nene mkono wa kushoto ulio mzima, huu mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Walisema miezi ya mwanzo ndiyo yenye neema. Ikipita, mkono unakuwa mbishi."

Wewe siku hiyo sikukuona. Walisema uko mkutanoni.

Sylvanus, mwalimu wangu mimi yuko wapi?

Dada yako,
Digna


Idete, 18 Juni 2024

Sylvanus,

Basi limekuja na kurudi, barua yako hakuna. Marcelino, kondakta anayetubebea barua, ameanza kunikwepa akiniona stendi.

Nilikulea mimi mama alipofariki. Ulipokuwa na kosa nilijua kabla hujafungua mdomo, maana ulikuwa unanyamaza. Sasa umenyamaza tena.

Dada yako,
Digna


Dar es Salaam, 3 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Mwalimu hukuletewa kwa sababu ulikuwa kundi la pili. Kundi la kwanza linafundishwa mazoezi, la pili linapigwa picha tu, ili tulinganishe ubongo unavyoamka kwa mazoezi na unavyoamka wenyewe. Wengine waligawanywa kwa kura. Wewe hapana. Wewe nilikuweka mimi.

Watu wa kundi la pili walikuwa wananipungukia, wakiacha picha na kwenda kwa wakandaji, na utafiti huu ndio wa shahada yangu. Nilihitaji mtu atakayenitii. Nikakuandikisha kwa jina la ukoo la marehemu shemeji, mumeo, wasijue kwamba sisi ni ndugu. Mradi haukumkataza mtu kukandwa nyumbani. Niliyekukataza ni mimi, nipate picha safi.

Nilijidanganya kwamba miezi michache si kitu, nitakufundisha mwenyewe baadaye. Picha zako zinasomeka kuliko za wote, dada, na kila nikizitazama naona aibu. Nisamehe. Nakuja mwezi huu na glavu.

Mdogo wako,
Sylvanus


Idete, 29 Septemba 2024

Sylvanus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ulipokuja nilikuwa ndani. Nilikusikia ukipiga hodi mpaka ukachoka. Glavu uliyoiacha mlangoni Luciana anaitumia kuepulia sufuria jikoni.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisema kwanza, akanisema vizuri kabisa, halafu akaniwekea udongo mbele. Kila asubuhi ananifunga mkono wa kushoto kwa kanga, kama nilivyosikia kwa Edna. Watu wakipita wanasema Digna amerukwa na akili, amefungwa. Waseme. Vidonge vya mwanzo vilikuwa tope tupu, sasa vinaviringika. Kombeo bado. Nimeuliza hospitali, wakaniambia labda halitarudi, nimechelewa kuanza.

Unajua kinachoniuma? Ungeniomba, ningekupa. Ungesema, dada, namtaka mtu wa kukaa bila mazoezi, ningekaa hata mwaka, kama nilivyoacha shule ili wewe usome. Mkono ni wangu, ningekupa na baraka juu. Hukuniomba. Umenichukulia kama mbuzi wa kufungiwa zizini, halafu ukaniandikia niamini.

Gari la mradi lisije tena. Picha ulizonazo zikutoshe.

Mwandiko huu umeona ni mbaya kuliko ule wa kwanza. Ni wa kulia. Nimeuanza Jumatatu, leo Jumapili ndiyo namaliza. Nimetaka uandikiwe na mkono uleule uliokulisha uji.

Digna