Mama Anasema Namnyima Sabuni

Alhamisi, Kabuku. Jua kali tangu asubuhi, wingu hakuna hata la kusingizia. Moyo wangu mzito.

Leo nimemwogesha mama, na leo tena amesema namnyima sabuni.

Tangu apooze nikamleta huku kwangu, ugomvi wetu ni huo huo. Kwao Masuguru, pale Korogwe, kipande kidogo tu kilitosha, beseni likajaa povu. Hapa tunatumia maji ya kisima, maji magumu, yamebeba chokaa ya ardhini. Nasugua mche wa sabuni mpaka mkono unauma, napata utando wa kijivu unaoganda kwenye ukingo wa beseni.

Nilimweleza kama nilivyofundishwa shuleni. Sabuni ina upande unaoshika mafuta ya uchafu na upande unaoshika maji, ndiyo maana uchafu unaondoka. Lakini chokaa inaiwahi sabuni, vinagandana, uchafu unabaki palepale. Mama alinisikiliza vizuri, halafu akauliza sabuni nimeificha wapi.

Nimejaribu kuchemsha maji. Afadhali kidogo, basi.

Juzi nikatia magadi, kama tunavyofanya tukiloweka mashuka. Povu likaja. Mama akalichota, akajipaka mashavuni, akacheka, akaniita kwa jina langu la utotoni. Nilifurahi mno. Kulipokucha, mapaja yake yalikuwa mekundu, ngozi imechanika. Magadi ni ya nguo, si ya ngozi ya mzee. Nilijua hivyo. Nilitaka tu acheke.

Maji ya mvua ndiyo yangetufaa, hayana chokaa. Pipa nimelitega chini ya bati. Lina vumbi.

Jioni jirani yangu alipita kumjulia hali. Alimwamkia shikamoo, mama akamshika mkono asimwachie. Mimi nilikuwa mlangoni na taulo.

"Nikifa msinioshee hapa, mwanangu," mama akamwambia. "Nipelekeni kwangu Masuguru. Kule kuna sabuni."

Jirani alinitazama. Nikainamisha kichwa. Nyumba ya Masuguru tuliiuza ili atibiwe, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Nimetoka nje kuangalia mbingu kabla ya kuandika haya. Nyeupe, kavu.

Kesho nitabandika maji tena, nitasugua mche tena, na mama atanitazama kama mtu anavyomtazama mwizi aliyemzaa mwenyewe.